Chai ya Maziwa, Chai ya Rangi: Trauti wa Nyeri na Wadi ya Ansab

Baada ya kile kipindi chetu cha majahazi, msikilizaji mmoja wa hapahapa Maskati alituletea ujumbe wa sauti. Alikuwa anacheka, lakini swali lake halikuwa la mzaha: "Nyinyi kila siku bahari, bahari, bahari. Kwani wazee wetu wote walikuwa mabaharia? Hakuna hata mmoja aliyekaa mtoni?"

Yupo. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwetu Ansab, kofia kichwani, kikombe mkononi. Marehemu babu yangu, Mungu amrehemu.

Kwa wasioijua, Ansab iko Bausher, upande wa bara wa mji, karibu na milima. Ina mabwawa ya maji taka yaliyosafishwa, ambako heroe na ndege wengine wanakuja kupumzika. Na ina wadi yake, ambayo karibu mwaka mzima ni mawe, changarawe na mbuzi. Mto hamna. Lakini kila mawingu yakikusanyika milimani babu alikuwa anainuka, anakwenda mpaka ukingoni, anaangalia kule juu, halafu anarudi na kusema: "Leo itateremka chai ya maziwa."

Sisi watoto tulidhani ni maneno yake tu ya kizee. Kumbe alikuwa anasoma maji kwa lugha ya kazi, na kazi hiyo aliifanya utotoni, miaka ya hamsini ilipokuwa ndo inaanza, kwenye mito ya Nyeri nchini Kenya. Alikuwa akiwabebea wazungu nyavu zao wakienda kuvua samaki anayeitwa trauti.

Hii ni historia ya samaki huyo. Na ndani yake kuna kitu kuhusu familia yetu ambacho kwa miaka mingi tulikiruka.

Mayai yaliyopanda meli

Trauti si samaki wa Afrika Mashariki. Ni samaki wa maji baridi, wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Maji yakipanda joto kupita digrii 20 hivi anaanza kutaabika, kwa sababu maji ya moto yanashika hewa kidogo. Sasa jiulize, samaki wa namna hiyo anafanya nini karibu kabisa na ikweta?

Jibu ni mlima. Ukipanda Nyandarua (wakoloni wakiiita Aberdare) au Mlima Kenya, unapita mashamba, unapita msitu mkubwa, unapita mianzi, mpaka unafika kwenye nyasi za baridi ambako asubuhi unakuta umande umeganda. Mito inayotoka huko ni baridi kama ya Uskochi: Gura, Chania, Thego, Ragati, Sagana, Naro Moru, Burguret. Wazungu waliofika mwanzoni mwa karne ya 20 waliiona wakakumbuka kwao. Waliona pia kwamba huko juu hakuna samaki waliyemjua wao, wakaamua kumleta.

Mwaka 1905, Ewart Grogan aliagiza trauti kutoka Loch Leven, ziwa moja la Uskochi, wakatiwa katika Mto Gura. Fikirini safari yenyewe. Mayai ya trauti yanaweza kusafiri yakiwa hai, mradi yakae kwenye baridi na unyevu. Basi ni meli mpaka Mombasa, halafu reli ya Uganda, ambayo ilikuwa imeshafika Ziwa Viktoria tangu 1901. Lakini kutoka kwenye reli mpaka Gura hapakuwa na treni, hapakuwa na gari. Zama zile mzigo wa Mzungu ulikwenda kwa kichwa cha mpagazi. Mtu mweusi, miguu mitupu, anapandisha mlima na mzigo wa samaki ambao yeye hatowala.

Hatowala kwa sababu mbili. Ya kwanza, Wakikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki. Kwao samaki alikuwa karibu na nyoka, kitu cha kukirukia mbali. Ya pili ni sheria, nayo nitaifikia.

Ila kwanza huyu Grogan. Ukitafuta jina lake utakuta hadithi ya mapenzi: kijana wa Kiingereza aliyesafiri kutoka Cape mpaka Cairo, 1898 hadi 1900, ili aonekane anafaa kumwoa bibi mmoja aitwaye Gertrude. Utakuta pia kwamba hospitali ya watoto ya Nairobi yenye jina la Gertrude ilijengwa kwenye ardhi aliyoitoa yeye. Yote kweli. Lakini Machi 1907, miaka miwili tu baada ya kuleta samaki wake, Grogan huyohuyo aliwapiga viboko hadharani vijana wa Kikuyu waliokuwa wakivuta rikshoo, mbele ya mahakama ya Nairobi, kundi la walowezi likitazama. Kosa walilotuhumiwa ni kukosa adabu kwa wanawake wa Kizungu. Alifungwa kwa hilo, kifungo kifupi chepesi, kisha akaendelea kuwa mtu mkubwa Kenya mpaka alipokufa mwaka 1967.

Sisemi haya ili tumchukie samaki. Samaki hana hatia. Nasema tujue mkono uliomleta ulikuwa mkono gani.

Namna anavyovuliwa

Sasa uvuvi wenyewe, maana wengi wetu tunajua uvuvi wa bahari tu: mshipi, ndoana, chambo, chubwi ya risasi ya kuuzamisha. Unatupa, unasubiri.

Kwa trauti mambo ni mengine kabisa. Trauti wa mtoni anakula wadudu. Mabuu yao yanaishi chini ya mawe mtoni, yakikua yanaota mbawa na kuruka juu ya maji, na hapo samaki anawadaka. Basi mvuvi anatumia nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya ndege na uzi mpaka ifanane na mdudu. Kitu chepesi kama kipande cha pamba. Huwezi kukitupa, hakina uzito. Kinachotupwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene kidogo. Mvuvi anaupeleka nyuma na mbele hewani kwa ufito mrefu, yaani fimbo nyembamba inayopinda, mpaka unyooke na nzi atue juu ya maji taratibu kama ameanguka kwa bahati mbaya.

Babu alikuwa anatuonyesha kwa bakora yake. Mkono ulikuwa bado unakumbuka.

Alitufundisha pia kwamba trauti anakaa ameelekeza uso kule maji yanakotoka, kwa sababu chakula kinakuja na mkondo. Anapenda kukaa nyuma ya jiwe, ambako maji yanapoa, asichoke. Kwa hiyo mvuvi anamwendea kwa nyuma, akipandisha mto, polepole, bila kutia kivuli juu ya maji. Kazi ya mtoto mwenye nyavu ilikuwa kutembea nyuma ya bwana, kimya, kumwonyesha samaki alipo, na samaki akishachoka kwenye mshipi, kumwokota kwa kinyavu chenye mpini.

Na kabla ya yote hayo, asubuhi na mapema, kazi ya mtoto ilikuwa kwenda kuangalia maji na kurudi na habari. Babu na wenzake walikuwa na maneno yao matatu.

*Chai ya maziwa*: mvua imenyesha juu, mto umejaa udongo, umechafuka. Rudini mkalale. Samaki haoni kitu, na mto unaweza kukuchukua.

*Chai ya rangi*: maji yana rangi kidogo ya majani na mizizi ya msituni, lakini unaona mawe. Hii ndo siku.

*Maji ya glasi*: kiangazi kimekaza, mto umepungua, kila kitu kinaonekana. Wewe unamwona samaki, lakini na yeye anakuona wewe. Nenda kwa magoti, au usiende.

Siku hizi wavuvi wanaangalia simu kujua hali ya mito. Wakati ule simu ilikuwa mtoto wa miaka kumi na nne aliyerudi mbio na miguu imeganda.

Mto wa nani?

Na sasa ile sheria. Serikali ya kikoloni ilimlinda trauti kwelikweli. Ilihitaji leseni kumvua, tena kwa ufito na nzi bandia, si kwa mtego wala wavu wa kuzuia mto. Ukiangalia kwa macho ya leo unaweza kusema ni uhifadhi mzuri, na kwa kiasi ni kweli. Bila masharti samaki wangekwisha. Lakini nani alikuwa na ufito? Nani alikuwa na pesa ya leseni? Mtoto aliyezaliwa ukingoni mwa Gura, akiweka ndoana usiku, alikuwa mwizi kwenye mto uliompa baba yake maji ya kunywa. Na yote haya yakitokea kwenye nchi ambayo ardhi kubwa jirani ilikuwa imeshakatwa na kupewa walowezi.

Nyeri ikawa mji wa wavuvi wa Kizungu. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alimalizia maisha yake pale; alikufa Januari 1941 na kaburi lake lipo Nyeri mpaka leo. Binti Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947, zawadi ya koloni la Kenya ilikuwa nyumba kando ya Mto Sagana, karibu na Kiganjo, mto wenye trauti. Ilikuwa ni kwenye nyumba hiyohiyo, 6 Februari 1952, alipopata habari kwamba baba yake amefariki na kwamba yeye sasa ni malkia.

Babu alikuwa kijana mjini siku hiyo. Alikuwa anasema mji mzima ulijaa magari na polisi, na yeye alichokumbuka zaidi ni kwamba wiki hiyo hakupata kazi, maana mto ulifungwa kwa ajili ya wageni.

Mnauliza Mwarabu wa Oman alikuwa anafanya nini Nyeri. Karibu kila mji wa bara la Kenya una mtaa unaoitwa Majengo, au ulikuwa nao. Ni mitaa ya Waislamu: wapagazi wa zamani, askari, wapishi, mafundi cherehani, wenye viduka, watu wa pwani waliofuata misafara na reli. Kiswahili ndo kilikuwa lugha ya nyumbani, msikiti upo katikati. Baba yake babu alikuwa fundi cherehani kutoka Mombasa, na Mombasa wazee wake walitoka Oman. Babu alizaliwa Majengo ya Nyeri. Alizungumza Kikuyu kabla ya Kiarabu.

Na alikuwa na rafiki. Tuliambiwa tu "rafiki yangu wa mtoni". Kijana wa Kikuyu, rika lake, wakifanya kazi ileile, mmoja anabeba nyavu, mwingine anabeba kikapu cha chakula. Kwenye hadithi tulizosimuliwa utotoni rafiki huyu ndo alikuwa fundi wa mambo. Yeye ndo aliyejua samaki wamejificha wapi. Siku moja alimshika trauti kwa mikono mitupu chini ya ukingo, wakamchoma porini, wakamla kwa hofu, mmoja akiogopa mila za kwao na mwingine akiogopa kiboko. Tulikuwa tunacheka sana hapo. Hadithi ilikuwa inaishia hapo kila siku.

Sehemu tuliyokuwa tukiiruka

Oktoba 20, 1952, serikali ilitangaza hali ya hatari Kenya. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia kwenye misitu ileile ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mito ya trauti ikawa njia za vita. Msitu ukatangazwa marufuku, anayeonekana ndani anaweza kupigwa risasi. Vijiji vya Nyeri vilibomolewa na watu wakakusanywa kwenye vijiji vipya vyenye ulinzi. Wanawake na wanaume walilazimishwa kuchimba handaki refu pembezoni mwa msitu, ili wapiganaji wasipate chakula. Dedan Kimathi alikamatwa huko Nyeri Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957. Hali ya hatari haikuondolewa mpaka Januari 1960.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake babu alikuwa halali vizuri, na mimi ndiye nilikuwa nakaa naye usiku. Usiku mmoja, bila kuulizwa, akaniambia namna alivyoondoka Nyeri.

"Baba alisema tunarudi Mombasa. Tukaenda kupanda basi. Pale askari wanakagua watu. Rafiki yangu alikuja kuniaga, akasimama mbali. Yeye hawezi kusogea. Mimi askari kaniuliza, wewe nani? Nikasema, Mwarabu. Akanipungia mkono, pita."

Akanyamaza. Halafu akasema: "Neno moja tu. Na mimi Kiarabu nlikuwa sikijui."

Wakoloni waliwapanga watu kwa makabati: Mzungu, Mhindi, Mwarabu, Mwafrika. Kabati lako liliamua kodi yako, shule yako, hospitali yako. Mwafrika mwanamume alikuwa amebebeshwa kipande, karatasi ya kuonyesha anafanya kazi kwa nani, miaka mingi kabla ya vita hivi. Wakati wa hali ya hatari Wakikuyu, Waembu na Wameru ndo waliobanwa zaidi, hawatembei bila ruhusa. Babu na rafiki yake walikunywa mto mmoja na kuzungumza lugha moja. Kilichowatenga pale kituo cha basi kilikuwa neno moja kwenye daftari la serikali.

Hakumwona tena. Alipeleka salamu kwa watu, hakupata jibu. Mwaka 1974, miaka minne baada ya Sultan Qaboos kushika nchi na kuwaita Waomani warudi nyumbani, babu alikuja Maskati na mke na watoto. Kabati lilelile lililompitisha Nyeri ndilo lililompa pasipoti hapa.

Je, trauti ni kama sisi?

Nilipotaja kwenye kipindi kwamba nitaandika habari hii, mmoja wenu aliandika jambo zuri: "Trauti ni kama sisi. Ameletwa na meli, kazaliwa ugenini, sasa ni wa huko." Nimelifikiria sana. Sehemu moja nakubali. Trauti wa Gura wa leo ni wajukuu wa wajukuu, hawaijui Uskochi. Miaka michache baada ya wale wa kwanza walikuja na ndugu zao, trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni Amerika ya Kaskazini. Wote wamekaa.

Lakini sehemu nyingine hainiingii. Trauti alikuja akilindwa. Alikuwa na haki kwenye mto kuliko mtoto wa pale. Na tukisema yeye ni sisi, tuseme yote: hata sisi Waarabu wa pwani, kwa nyakati nyingi, tulifika tukiwa upande wa mwenye nguvu. Zanzibar kulikuwa na mashamba ya karafuu na watumwa waliolima. Nyeri kulikuwa na askari aliyepunga mkono. Haya hayatufanyi watu wabaya, wala hayafuti machungu ya waliofukuzwa Zanzibar mwaka 1964. Ila hadithi ya familia inayoanza na "sisi tulidhulumiwa" tu, au inayoishia na kicheko cha samaki wa kuchoma, haijakamilika.

Hali ya mito leo

Nna jamaa kule Nyeri, wa ukoo wa bibi, ambaye ananitumia video za mito. Tumempa yale maneno ya babu, sasa anayatumia. "Leo glasi." "Leo glasi tena." "Leo maziwa matupu, daraja limefunikwa." Chai ya rangi, anasema, imekuwa adimu.

Sababu zinajulikana. Msitu wa mlimani unafanya kazi kama sifongo: unapokea mvua ya masika na ya vuli, unaishika, halafu unaitoa kidogokidogo kiangazi chote. Msitu ukikatwa, mvua inateremka yote siku moja na udongo wake, kisha mto unakauka. Chini ya mlima, upande wa Laikipia, mashamba ya maua na mboga pamoja na wakulima wadogo wote wanavuta maji kutoka mito ileile, na wakati wa kiangazi sehemu za chini za Ewaso Nyiro zinabaki mchanga. Theluji ya Mlima Kenya nayo inaisha. Mabarafu yaliyopimwa miaka zaidi ya 100 iliyopita mengi hayapo. Ila wataalamu wanasema barafu ilichangia maji kidogo tu. Kinacholisha mito hasa ni mvua na msitu.

Mtu aliyeliona hili mapema alizaliwa hapohapo Nyeri, kijiji cha Ihithe, mwaka 1940. Wangari Maathai alisimulia kwamba utotoni alicheza kwenye kijito karibu na mgumo, akijaribu kuokota mayai ya vyura kama shanga. Alipokuwa mtu mzima kijito kilikuwa kimekauka. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, wanawake wakapanda miti, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Babu alikuwa na picha yake kutoka gazetini. Tulidhani anapenda siasa. Sasa nadhani alikuwa anakijua kijito.

Habari si mbaya zote. Kando ya mito mingi sasa kuna vyama vya watumiaji maji, ambavyo wanachama wake, wakulima wakubwa na wadogo, wanakaa pamoja na kupangiana zamu. Nikisoma habari zao nakumbuka falaj zetu za Oman: zamu ya maji, saa ya maji, mtu wa kuangalia. Kiganjo serikali inazalisha vifaranga vya trauti. Karibu na Nanyuki kuna mgahawa juu ya mgumo, kando ya Mto Burguret, unaofuga trauti wake. Na wale nzi wa manyoya? Wakenya, wengi wao wanawake, wanawafunga kwa mikono na kuwauza mpaka Ulaya na Marekani. Wavuvi wa Uskochi wananunua nzi wa Kenya. Hili babu angelicheka sana.

Na jibu la mwisho kwa yule msikilizaji wa bahari. Gura inaingia Chania, maji yanafika Sagana, Sagana inakuwa Tana, na Tana inakwenda kilomita 1,000 hivi mpaka kuingia Bahari ya Hindi upande wa Kipini. Maji ya babu yalifika pwani yetu kila siku. Hatukuyafuata tu mpaka juu.

Siku ya Gonu

Juni 2007, kimbunga Gonu kilipoikaribia Oman, wadi ya Ansab ilikuwa bado kavu. Mvua ilikuwa haijatufikia sawasawa. Babu alitoka, akasimama ukingoni, akarudi haraka kuliko nilivyowahi kumwona. "Upepo unanuka udongo. Ondoeni magari. Waambieni na majirani."

Ami alisema, "Baba, wadi hii haijawahi kufika huku." Babu hakubishana. Alichukua bakora yake akaenda kugonga milango mwenyewe, mlango kwa mlango, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu chake kibovu, kwa Kihindi cha dukani. Kuna waliomsikiliza, kuna waliocheka. Maji yalipokuja yalikuja kwa mara moja, kahawia, mazito, yakisukuma mawe. Chai ya maziwa. Magari yetu yalikuwa juu. Ya jirani mmoja hatukuyaona tena. Siku zilizofuata mji mzima ulizungukwa na maji na hatuna maji ya kunywa, kwa sababu mitambo ya kusafisha maji ya bahari ilisimama.

Jioni, tulipokaa gizani bila umeme, ami alimuuliza alijuaje. Babu akasema, "Nilifundishwa." Tulidhani anamaanisha na wazungu wake. Nilimuuliza usiku ule wa mazungumzo yetu, miaka baadaye: nani alikufundisha kusoma maji?

"Yeye," akasema. "Rafiki yangu. Mimi nlikuwa mtoto wa cherehani, ningejua wapi?"

Basi ndo hivo. Elimu iliyookoa magari yetu Ansab ilitoka kwa kijana wa Kikuyu aliyebaki upande wa pili wa kizuizi, na sisi hatuna hata jina lake. Babu alilijua. Hatukumuuliza kwa wakati.

Wenye babu na bibi walio hai, leo jioni wapigieni. Msiwaulize walikuwa wakifanya kazi gani tu. Waulizeni walifundishwa na nani, na huyo mtu aliishia wapi. Na wakikutajia jina, liandike.